Hapa Ndipo Wapi?

Mafunzo yalikuwa tayari. Moduli saba,
picha za makontena, maswali ya kuchagua,
cheti chenye muhuri wa dhahabu isiyo dhahabu.
Ofisi yetu ni ghorofa ya pili, juu ya Marikiti;
binzari hupanda ngazi bila kubisha hodi.
Nilikuwa nimeshavaa viatu niende zangu

simu ikalia. Mejumaa wa Mikindani,
mpokea simu wa wakala wa forodha,
mwanafunzi nambari thelathini na moja.
Haoni. Simu yake humsomea,
kwa kasi ambayo mimi husikia
mvua tupu juu ya mabati.

"Moduli ya tatu yaniambia: bofya hapa.
Hapa ndipo wapi?
Hapa ni pa kidole chako wewe.
Mimi sina hapa. Nina humu"
(nikasikia akigonga kipaji, ko, ko)
"na maneno magumu, wasema mmeyatia rangi nyekundu.
Haya, nyekundu yalia vipi?"

Nikavua viatu.

Tukaanza na demeraji, lililomliza tajiri wake.
Nikaandika: ada ya kontena lililolala bandarini
kupita siku zake.
Akacheka. "Si useme tu: mgeni siku mbili,
ya tatu jembe, ya nne alipie kitanda."
Nikaandika hivyo. Bosi akafuta.
Nikaandika tena.

Manifesti: yote ambayo meli yaapa kuwa nayo tumboni.
"Ah, daftari la harusi," akasema.
"Nani kaleta sinia, nani birika,
nani kaja mikono mitupu na watoto sita."

Sauti ya simu yake, iliyozaliwa mbali na kwetu,
ilisoma ng'oa nanga ikasema ngoa nanga,
na nanga masikini ikageuka yenye wivu.
Kumbe ritifaa yangu ilikuwa ya mapambo, imepinda.
Nikaweka ya wima. Nanga ikapoa.

Kila herufi nikaipa kichwa chake
aruke kutoka A hadi SH
kama arukavyo mtu madimbwi ya Mwembe Tayari.
Na mwisho wa kila maana, njia ya kurudi,
imeandikwa kwa ukamilifu: rudi somo la tatu,
kwenye neno demeraji.
Mtu asiachwe sokoni.

Dhamana ilitushinda siku mbili.
Nilisema: fedha iwekwayo ili mzigo upite
kabla ya ushuru kulipwa.
Kimya. Kisha: "Marehemu mamangu
aliweka mkufu kwa sonara wa Bondeni
ninunuliwe mashine ya nukta nundu.
Mkufu haukurudi. Hiyo ni dhamana?"
Hiyo, nikasema, ni rehani.
"Basi weka na rehani."
Haimo katika moduli yoyote.
Imo. Kati ya posho na risiti, ipo mahali si pake,
kwani niliichapa umeme ukikatika
na sijaenda kuihamisha.

Bosi akauliza ukurasa tuuite nini.
Faharasa, akasema mmoja. Kamusi ndogo, mwingine.
Nikakumbuka mwalimu wetu wa Tononoka,
chaki masikioni, akifunua kurasa za nyuma za diwani:
huku, wanangu, kwaitwa sherehe.
Nikampigia Mejumaa.
"Sherehe!" akasema. "Nije na nini?"

Akaja na neno.
Alilisema polepole, yeye ambaye hana polepole,
kana kwamba mimi ndiye nisomewaye.
"Lile la kwanza. Lile lililonikera.
Liweke nalo, ulieleze."

Saa nne za usiku. Wauza kahawa wamegonga vikombe,
wamepita. Feni yazunguka, yalalama.
Chini ya H, baada ya hamali,
kabla ya hati ya shehena,
nimechapa neno, nimefumba macho,
nimenyoosha mkono mezani kutafuta kikombe
kilichokuwa, naapa, karibu tu:

Hapa: