Jibu kwa Mchopa, Kuhusu Gari

Umenitumia picha ya gari, mpwa wangu Mchopa,
jeupe, refu, limeinuka kama mtu aliyekunja suruali,
na bei yake, ambayo nimeisoma mara mbili
nikidhani sifuri moja imeingia kwa bahati mbaya.
Unauliza: kwa utelezi wa huko kwenu, mjomba,
si lazima fowili?

Nimeziba pancha hapa Liwale zaidi ya miaka ishirini,
lakini shule yangu ilikuwa kilima cha Namtelele,
barabara ya Nangurukuru, kabla hakijamwagwa kifusi.
Udongo mwekundu. Mvua ikiugusa
unakuwa sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.
Tulikuwa vijana saba, majembe matano, kamba moja.
Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Kwetu kuteleza kulikuwa elfu tano;
kuanguka mtaroni, elfu kumi na tano na soda.

Nikwambie waliotulisha?
Wenye fowili.
Mwenye gari dogo alikiona kilima, akakiogopa, akalala kijijini.
Mwenye fowili alipandisha kioo, akaongeza redio.
Mkandarasi mmoja alikuja hivyo, magurudumu manne,
yote yanasukuma, yote yana upara.
Alipanda vizuri, nisimsingizie.
Akafika kileleni, akateremka
kwa mwendo uleule aliopandia.
Kupanda, magurudumu yalisaidiana.
Kwenye kusimama, kila gari ni maskini mwenzako.
Tulimkuta ndani ya mikorosho,
vifuta kioo bado vinapunga.

Halafu kulikuwa na Asumini Mbonde, mkunga,
Starlet la bluu, mlango mmoja wa kijani.
Yeye alishuka kwanza. Akavua viatu.
Akakipanda kilima kwa miguu yake,
anabonyeza tope kwa kisigino
kama anayepapasa tumbo kujua mtoto kalalaje.
Akapunguza upepo kidogo, fss, fss,
akageuza gari, akapanda kwa rivasi,
maana nguvu za Starlet ziko mbele
na mlimani uzito hukimbilia chini.
Akatupita kinyumenyume,
anatutazama usoni, hatupi hata senti.

Tulimchukia.

Mama yako hajui hili.
Usiku ule wa Aprili uliozaliwa
mvua ilikuwa imekata siku ya tatu,
kilima kimeanza kukauka, biashara imekufa.
Tulikuwa na ndoo. Kijito kilikuwa karibu.
Sikujua dada yangu angekuwa kwenye kiti cha nyuma.
Asumini alijaribu rivasi mara nne.
Ujuzi wote ule, na matairi mapya,
gari likawa linarudi chini taratibu, limenyooka,
kama mtu anayeomba radhi.
Ukazaliwa katikati ya mlima, taa ya ndani inawaka,
sisi saba tumesimama na kamba yetu,
hakuna aliyetaja bei.
Na waliowavuta hadi juu, kisha wakawafikisha hospitali
kabla damu ya mama yako haijaisha,
ni wapima ardhi, kwa fowili,
gia ya kwanza, polepole,
kama mtu aliyebeba uji kwenye sinia.

Kwa hiyo usiniombe niseme ni maringo.
Usiniombe pia niseme ni hirizi.
Wewe unaishi Lindi mjini, lami hadi karibu na mlango;
huku unakuja Idi na misibani.
Nunua matairi yenye meno kwanza.
Pesa ikibaki, tuzungumze.
Na mvua ikinyesha, shuka. Vua viatu.
Hata ukiwa na magurudumu kumi, shuka.

Gari lolote utakalonunua, lilete, nitakukagulia bure.
Ndoo ile ninayo bado.
Kila asubuhi naijaza maji,
nazamisha mpira, nauzungusha,
nasubiri
hadi palipotoboka paseme penyewe.