Bampa la Bi Leokadia

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu mjini Łódź
bila kukwaruza hata kizuizi.
Lakini tramu haiegeshwi. Reli ndiyo hufikiri,
wewe wapiga kengele tu, watazama mbele.

Jumanne usiku, nikirudi kinyumenyume uani
na gari la kuazima la mkwe wangu,
nikasikia krrk,
sauti ndogo, kama mtu katafuna ganda la yai.
Skoda ya Bi Leokadia. Kijani cha chupa.
Madirisha ya ghorofa zote tano yalikuwa meusi.
Nikapanda zangu ndani, nikapasha supu ya bitiruti,
ikanipita kooni kama kokoto.

Sikumwambia. Andika hilo kwanza.
Siku tatu nilimwamkia ngazini
huku nikiyatazama matufaha kwenye kikapu chake.

Dukani kijana aliniuliza: gari la nani?
Langu, nikasema. Akanitandazia kijani za aina tatu,
nami nikachagua kwa kumbukumbu,
kichupa kidogo kama cha rangi ya kucha.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
nikapiga magoti kwenye lami na taa kichwani.
Nikalitafuta kovu, nikaliona:
upana wa kucha ya dole gumba, kona ya kushoto,
rangi imebanduka hadi plastiki nyeusi.
Maji ya sabuni. Kitambaa. Spiriti.
Kisha msasa laini, ule unaochovywa majini,
nikasugua kingo taratibu, mviringo mdogo, mviringo mdogo,
mpaka kidole kikipita juu yake
kisijue wapi uzima unaishia na jeraha linaanza.
Praima ya kijivu. Nikaikausha
kwa mashine ya nywele ya marehemu mke wangu,
waya wake ukining'inia kutoka dirisha la jikoni.
Kisha kijani, tone kwa tone, kwa ncha ya kijiti cha meno.
Nilisahau baridi. Nilisahau hata hatia.
Mikono ilikuwa imepata kazi.

"Bwana Ziemowit."

Koti juu ya nguo ya kulalia, ndara miguuni.
Nikaungama yote pale pale, nimepiga magoti,
kijiti mkononi kama mtoto aliyekutwa na asali.
Akavaa miwani. Akainama. Akanyamaza
muda wa tramu mbili kupita barabarani.

"Wewe ulinigonga huku," akasema,
akanionyesha kulia, karibu na kibao cha namba,
mstari mwembamba kama unywele.
"Hiki ulichokifunika ni changu."

Februari, nguzo ya maegesho ya hospitali.
Walimpigia simu: njoo upesi.
Alimkuta Kazik mkono bado una joto,
akamwuliza, umeegesha wapi?
Juu ya nguzo, akamjibu.
"Akacheka, Bwana Ziemowit. Akacheka hadi akakohoa.
Sikumsikia tena akicheka."

Wahenga walihimiza kuziba ufa.
Hawakusema ufa wa nani.

Nikashika kitambaa na spiriti: bado mbichi,
nikamwambia, inafutika, nipe dakika kumi tu.
Hakujibu. Kulikuwa kunapambazuka,
na mwanga ulipofika chini ya gari
tukaona sote wawili kwa pamoja:
kijani changu hakikuwa kijani chake.
Kilikaa pale kama kiraka cha tango.

"Kinaonekana," akasema.
"Kinaonekana sana," nikakubali.
"Kitaendelea kuonekana?"
"Maisha yake yote. Hata kwa vanishi."

Akakigusa kwa ncha ya kidole,
akakitazama kidole, akakifuta kwenye koti.
"Basi kiache.
Sasa njoo huku uzibe chako.
Na safari hii, uniombe namba ya rangi."

Nikabeba ndoo, nikazunguka upande wa pili,
magoti yakilia kama breki za zamani,
nikaanza upya na maji ya sabuni.