Hewa Kwanza

Mfereji wa kwetu Kayole hutoa maji Alhamisi,
au Jumamosi usiku, au wiki ijayo.
Ratiba ilibandikwa langoni; mvua ikaila.

Mwezi wa saba, baridi ya kuingia mifupani,
kiwanda kilifungwa bila kelele.
Mlinzi alinikabidhi mkasi wangu
na bahasha isiyojaza kiganja.

Tangu hapo maombi yangu ni mafupi.
Yale marefu ya Jumapili yamenishinda.
Nasema: Baba, kodi. Baba, mguu wa Mutheu.
Baba, kesho niamkie wapi?
Naye hanipi ramani.
Ananigawia usiku mmoja mmoja, kama mgao.

Jana Mama Nyaboke kanigongea ukuta:
"Unalala na mfereji wazi?
Yakija yataingia hadi kwangu!"
Nikamjibu nimetega beseni,
na usingizi wangu ni mwepesi.
Sikumwambia kuwa siku hizi
imani yangu yote ni hiyo:
kufungua, kutega, kulala.

Saa tisa na robo usiku mfereji ukakohoa.
Hewa kwanza, hewa tupu,
ikikwama na kuanza upya
kama mtu anayetafuta neno.
Zamani ningeufunga kwa hasira.
Nikaketi gizani juu ya ndoo iliyofudikizwa,
nyayo zikiganda sakafuni,
nikaisikiliza.
Hewa haijisukumi.

Agosti sijui itakuwaje.
Kazi sina. Mkasi nimeunoa.

Tone.
Kisha maji ya tope.
Nikainuka, nikaigeuza ndoo.