Sindano Mbili

Kuna sindano ya kofia, na kuna sindano ya Nesi Kadzo.
Ya kwanza naishika mimi.
Ya pili hunishika,
kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi,
tako la kulia, mwezi ujao la kushoto,
na kwenye benchi wenye mafua na wajawazito
wakijifanya hawajui Shee Lali kaja kutiwa nini.

Kabla yake zilikuwapo sauti.
Zilianza nilipopewa oda ya bwana harusi wa Mkomani,
kofia ya vitobo mia nane,
na kila kitobo kikawa mdomo.
Kimoja kiliniita mwizi. Kingine kilicheka tu.
Kimoja, sioni haya kusema, kilinisifu.
Nikashuka Langoni kifua wazi nikiwaonya watu
kwamba kisima cha msikiti kina masikio.
Punda walinipisha.
Watu walisimama kutazama.

Mama akaniandikishia kombe, wino wa zafarani,
nikanywa hadi meno yakawa manjano.
Kadzo hakumkataza.
"Kombe anywe," alisema, "mradi sindano asiikose."

Basi sauti zikaondoka, si zote siku moja,
ziliaga kama wageni wa arusi, mmojammoja,
wengine wakirudi kutafuta kiatu.
Ile iliyonisifu ndiyo iliyotangulia.
Hilo sijamwambia mtu.

Kisha mwili ukaanza kulipishwa kodi ya ule utulivu.
Miguu ilikataa kuketi.
Usiku kucha nilipima ua: hatua kumi na moja, geuka,
hatua kumi na moja, geuka,
mpaka mama akatokea na taa:
"Mwanangu, wenda wapi? Hapa hapana ndia."
Mto wa kulalia ukawa unaamka umelowa udenda.
Nikawa nala mikate sita ya mofa, nautazama wa saba.
Kanzu ya Idi haikupita tumboni;
Khalthum aliipasua ubavuni, akatia kipande,
akaikunja, akanipa, hakusema neno.
Namshukuru kwa kipande.
Namshukuru zaidi kwa lile neno.

Na mikono.
Fundi wa kofia anayetetemeka
ni mwadhini aliyeshikwa na kwikwi.
Uzi ulilipita tundu la sindano kushoto, ukalipita kulia,
na damu ya kidole changu
ikaharibu nguo nyeupe ya watu.

Nikaikwepa hospitali miezi miwili.
Nitasema kweli: ilikuwa miezi mitamu mwanzoni.
Mkono ulitulia, kiuno kikarudi,
nikashona vitobo themanini kwa siku nne,
vimenyooka kama safu ya swala.
Cha themanini na moja
kikaniita kwa sauti ya marehemu baba.

Niliiweka chini ile kofia.
Nikatembea mwenyewe, hakuna aliyenikamata,
nikamwambia Kadzo: sauti sizitaki,
lakini na mikono yangu naitaka.
Hakunigombeza.
Aliniambia ninyooshe vidole,
akalaza karatasi juu yake,
tukaisikiliza pamoja ikipiga kelele kama jani la mnazi.
Akaandika. Akamwita daktari.
Dozi ikapunguzwa; kikaongezwa kidonge kidogo cheupe
kinachotuliza mkono na kukausha kinywa,
hivyo sasa natembea na chupa ya maji
kama mtalii.

Sijapona kwa maana anayoitaka jirani.
Usiku mwingine naitega sikio kofia.
Kimya.
Naitega tena.

Nashona polepole, vitobo vikubwa kuliko zamani,
na safu zangu zimepinda kidogo, hapa zimepanda, hapa zimeshuka.
Juzi mtu wa Shela aliigeuza moja mkononi,
akauliza huu ni mtindo gani mpya.
Nikamtajia bei.