Mkoba Unaonyonyesha

Kitendawili!
Tega.
Mama ana mwana mmoja, kamzaa zamani,
kila mwana akichoka humrudisha tumboni
akanyonya humo humo, gizani.

Nikafikiri, bisibisi mkononi. Nikashindwa.
Basi nipe mji.
Nikampa Konde, akakataa.
Nikampa Chake, akakataa.
Nikampa Maskati, akaketi,
akaweka juu ya meza yangu mkoba mweusi,
mgumu kama gamba la kasa.

Namjua. Shaame wa Bopwe, wa Bi Time mshona makawa.
Msimu mzima alichuma karafuu Mtambwe, pishi kwa pishi,
wenzake wakanunua viatu vya sikukuu,
yeye akashuka bandarini kwenye mitumba
akarudi na hiki: nyumba ya gemu,
ndani kitanda cha mahameli kilichokatwa kwa kipimo,
chini ya kitanda betri,
pembeni taa nne za kijani
zinazosema maziwa yamebaki kiasi gani.

"Kavimba, Bi Mize. Hafungi."
"Ulimuanika?"
Kimya. Kisha: "Nilimsahau juu ya jamvi."
"Karafuu ndiyo huanikwa, mwanangu.
Betri haianikwi."

Kwenye meno ya zipu nikakuta konyo moja, kavu.
Nikalitoa kwa kibano. Likanukia duka zima.

Nilikuwa na haki ya kumcheka, lakini nina deni.
Zile siku tatu umeme ulipokatika Wete nzima
chuma changu cha lehemu kililala baridi kama kijiko,
simu za watu zimejipanga rafuni, maiti watupu,
na mimi fundi, mwenye kibao na namba ya leseni,
simu yangu ina asilimia mbili
na binti yangu Unguja, Mnazi Mmoja, yuko kwenye uchungu.

Barazani kwa duka la dawa lililofungwa
nikaona nyuso za watoto zikiwaka buluu.
Dakika tano, shilingi mia.
Gemu ikizima, Shaame anaifunga mkobani, zipu, zzzt,
na watoto kumi na mmoja wanakaa kuzitazama taa nne
bila kusemezana,
kama watu wanaongoja mtama uive.

Nikaja na simu yangu nimeificha ndani ya buibui.
"Kwako wewe mia tano," akasema.
"Mbona wenzangu mia?"
"Gemu ni mwanawe. Simu ni mtoto wa kambo.
Mtoto wa kambo hunyonya kwa bei."
Nikalipa. Mimi. Fundi.
Saa saba ya usiku, kwenye ngazi ya duka la watu,
nikamsikia mjukuu wangu analia kwa mara ya kwanza
kwa maziwa ya mkoba.

Kwa hiyo leo nikaufungua taratibu,
kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, maana chuma hutoboa.
Betri mbili ubavu kwa ubavu:
moja imeumuka kama andazi, moja nzima, bapa, haina habari.
Mgonjwa nikamzika kwenye kopo la mchanga, nje, mbali na mlango.
Waya mwekundu nikauhamisha. Tone la lehemu. Moshi kidogo.
Mfuniko ukashuka, ukasema tap.

Taa zikapanda: moja, mbili.
Zikakoma hapo.
"Limebaki titi moja," nikamwambia.
Akaupima mkononi. Umekuwa mwepesi; hilo hakulipenda.
"Basi zamu zitakuwa fupi."
"Zitakuwa fupi."

"Elfu tano," nikasema.
Akanitazama kama mkaguzi wa mizani.
"Simu yako usiku ule ilikunywa asilimia arobaini, Bi Mize.
Ukalipa mia tano.
Na mtoto akazaliwa salama.
Sasa tuhesabiane."

Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Nikashindwa. Nikampa mji.
Safari hii Maskati hakuitaka.
"Nipe Wete," akasema, akivuta zipu,
"na fundi wake ndani."