Chubwi

Mwanamkuu, uliniuliza kwenye dirisha la maabara
kama tuzidishe vidonge vya chuma, viwe vitatu kwa siku,
nami nikasema zidisha.
Nimekuja hadi Langoni kulifuta neno hilo.

Usisimame. Endelea kumenya muhogo.
Lali alale tu. Alipopiga miayo nimeuona ufizi wake,
ule uzi wa buluu,
kama wino uliovuja kwenye ukingo wa karatasi.

Unamjua Famau, mshona kofia.
Huletewa kitambaa magotini, hutoboa, huzungusha uzi,
kijishimo kwa kijishimo, na kofia ikatoka.
Ndani ya uboho wa mwanao wamo mafundi kama yeye,
maelfu kwa maelfu, wadogo hata darubini yangu haiwaoni.
Vitabuni huitwa vimeng'enya.
Kazi ya hawa ni wekundu.

Sasa, yuko mgeni wa kugombea goti:
huja akaketi palepale pa kitambaa.
Huyo dawa yake nyepesi. Leta vitambaa vingi,
msukume kwa wingi, ataanguka.
Ndivyo nilivyodhani. Chuma, maini, mchicha, tena chuma.

Huyu wenu hagombei goti.
Hajui hata kofia ni nini.
Amepita ubavuni, amekiegemea kiwiko cha fundi
kwa uzito wake wote, kimya,
na mkono umepinda kidogo,
upana wa uzi.
Kitambaa kinafika magotini kama jana.
Sindano i mkononi.
Haishuki.

Fundi awe na kazi mapajani, awe hana,
huegemewa vilevile.
Mletee jora zima: atakuwa na jora zima
na mkono uliopinda.
Vitambaa vitarundikana, vitamwagikia mlangoni,
nami nikavikuta kwenye mkojo wa mtoto,
malighafi isiyoshonwa.
Wale ambao hawajaegemewa wanashona sawasawa,
macho yaleyale, hamu ileile.
Ni idadi, Mwanamkuu. Wamebaki wangapi?

Nilikaa na tone la damu yake hadi adhana ya alasiri.
Chembe nyekundu zina vidoa vya buluu
kama yai la kwale.
Ndipo nikajiuliza, nyumba ile wanayeyusha nini?

Nikaikumbuka sufuria kwenye kiwanda chenu.
Betri za sola zilizokufa, nyundo, jiko la makaa,
na baba yake akimimina risasi katika kalibu ya udongo,
vyubwi themanini kwa asubuhi, vinene, vinang'aa;
nyavu ngapi kutoka hapa mpaka Kizingitini
zinazama kwa mkono wake.
Lali huvipanga sakafuni. Huvipa majina.
Kimoja, ulinisimulia ukicheka, hulala nacho.

Sikuja na lawama. Ada ya madrasa imetoka humo,
na sahani hii.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema kwamba huenda ndicho kilichoinunua nguo.

Vidonge viweke kando. Keshokutwa mtampeleka Mombasa.
Iko dawa yenye magando kama kaa:
huibana risasi huku na huku,
huing'oa polepole kiwikoni,
ikatoka nayo kwenye mkojo.
Si wote watakaonyooka.
Wengine mwili utawazika na kuajiri wapya,
na hilo halina haraka, ni miezi.

Ila sufuria lazima itoke leo.
Nimeipima kwa macho nilipoingia:
inataka watu wawili.
Mumeo akirudi
usimwambie niliyoyasema.
Mwambie nimeshika upande huu.