Mbalamwezi ya Kagezi

Boti ilinipokea Kibirizi saa nane mchana:
mimi, gunia la sukari, magodoro matatu ya sponji
na mbuzi aliyefungwa mguu kwenye dumu la mawese.
Sadoki, mwenye boti, alinitazama viatu
kisha akanitajia nauli ya wageni.
Nikasema, mimi ni wa kwa Nyanzobe.
Akasema, basi toa nusu.
Hata hiyo nusu sikuizoea.

Kagezi haijawahi kuwa na barabara.
Mlima uliisukuma mpaka ukingoni mwa maji
ikabaki hapo, imejibanza,
nyumba zote zimeligeuzia ziwa kisogo,
maana ziwa halibishi hodi.
Anayebisha hodi huja kwa njia ya mihogo,
na mlango ndio wa kuchungwa.

Pale kwenye changarawe
shangazi alipoanika dagaa miaka thelathini,
akiwageuza kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto,
leo kuna viti sita vya mbao.
Vimeelekezwa Kongo.
Vinasubiri jua lizame.
Dagaa wamehamishiwa nyuma ya zahanati.
"Harufu," shangazi alisema,
kama anayetaja jina la mkwe mpya
ambaye bado hajaamua kumpenda.

Lakini sitasema uongo:
bati la shangazi ni jipya.
Chumba cha uani kina chandarua cha buluu,
na mwezi uliopita alilala humo msichana wa Ubelgiji
aliyekula ugali wa muhogo na mgebuka
akalia, na pilipili haikuwemo.
Shangazi hakujua analia nini.
Alimwongezea mchuzi.
Lugha hawakuwa nayo;
walikuwa na sufuria.

Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu.
Mbalamwezi, Kagezi, ni likizo:
dagaa hutawanyika, hawadanganyiki na taa,
na wavuvi hushona nyavu, hunyoana, huposa,
hulipa madeni au huyakimbia.
Watu wa viti sita wakauliza,
ziko wapi zile taa?
Tuliziona pichani, mji mzima juu ya maji.
Wakajibiwa: mwezi.
Wakasema: sisi tunaondoka kesho.

Hamenya, mtoto wa jirani,
aliyefeli hesabu darasa la saba mara mbili,
akapiga hesabu.
Vipe vinane vikasukumwa majini.
Nyavu zilibaki zimetundikwa kwenye michikichi,
kavu, kama kanga za mtu aliyesafiri.
Huko mbali taa zikawashwa, moja, nyingine, nyingine,
hafifu chini ya ule weupe,
tochi za watu wanaotafuta kitu mchana.
Kwenye viti wakapiga makofi.

Shangazi alikuwa anachambua maharage,
kisogo kwa ziwa, kama siku zote.
"Nani kaingia majini na mwezi huu?"
Nikamweleza.
"Petroli kalipa nani?"
"Wao."
"Basi si hasara."
Akatupa kijiwe uani. Kikagonga bati la kuku.
Kimya kikapita,
kirefu kiasi cha kuchambua konzi mbili.

Kisha akainuka,
akakizungusha kigoda,
akaketi tena akiwa ameelekea maji.
Miaka yote taa zile kwake zilikuwa saa:
zikirudi, chumvi iwe tayari, turubai liwe limetandazwa,
beseni, mkono, usingizi baadaye.
Sasa hakukuwa na kitu cha kusubiri.

"Kumbe," akasema.
Nikangoja.
"Kumbe ndivyo tunavyoonekana."

Maharage yalibaki nusu kwenye ungo.
Simu ilikuwa mkononi mwangu, na sikupiga picha.
Hapana, nilipiga moja.
Imetoka giza tupu,
na ncha ya kitenge chake upande wa kushoto.